Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi

Tarehe 22 Agosti 2003 mwanamke huyu alitunukiwa cheti cha daraja la kwanza cha ufundi wa injini za dizeli, na katika waliofaulu mwaka huo chuoni kwake hakuna jina jingine la kike. Kwenye gereji anakofanya kazi jina hilo halitumiki. Anaitwa Fundi Dada. Wanamwita hivyo hata wazee wanaoweza kumzaa, kwa sababu walipomkuta pale mara ya kwanza alikuwa dada wa fundi, bado hajawa fundi.

Fundi ni kaka yake, ambaye kila mtu anamwita Spana. Spana hakupita chuo. Alianza kwa kuosha vipuri kwenye beseni la dizeli, akapanda taratibu, na dada yake alipofikia umri wa kuchagua kazi, yeye ndiye aliyemwambia mama yao kwamba mtoto huyu anasikia injini kama wengine wanavyosikia njaa. Alimsindikiza hadi langoni mwa chuo siku ya kwanza, akamsubiri langoni hapo hapo siku ya mtihani wa mwisho. Wamefanya kazi pamoja tangu hapo. Akitaka kumuudhi humwita Mwanachuo. Dada naye akitaka kulipiza hujifanya hakusikia.

Gereji yao ni banda refu la mabati, wazi upande wa mbele. Sakafu ya zege imekunywa oili hadi ikawa nyeusi na kung'aa. Kuna shimo la kuingilia chini ya gari, benchi la mbao lenye jiliwa mbili za kubania chuma, na ukuta wenye misumari ya vifaa, kila kifaa kikiwa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe ili kisipotee. Upande wa pili wa ukuta huo yupo fundi wa matairi, Pancha, mtu wa maneno mengi. Mota ya mashine yake ya upepo iliungua zamani. Tangu hapo hujaza matairi kwa upepo wa lori lolote lililowashwa uani: anachomeka mpira wake kwenye tangi la upepo wa breki, anajaza, anachomoa. Hakuna aliyekaa chini akaamua iwe hivyo. Imeshakuwa mazoea, na mpira wa Pancha umelala pale muda mrefu kiasi kwamba watu huuruka bila kuutazama.

Miaka ya karibuni macho ya Spana yamekuwa na ukungu. Yeye hulaumu vumbi. Kliniki ya macho haiko mbali, lakini hakwenda, na sababu yake aliwahi kumwambia dada yake waziwazi: wakikuta kitu, watamkataza kazi. Kisha katikati ya mwaka gari dogo la mteja lilimwaga oili yote barabarani, kwa sababu nati ya chini ya injini, iliyofungwa na Spana, haikukazwa. Injini ilinusurika kwa bahati. Mke wa Spana, ambaye ni fundi cherehani na si mtu wa kurudia maneno, aliwaita mumewe na wifi yake mezani kwake. Alisema injini nyingine ikirudi kwa kosa la mume wake, mume wake anaweka spana chini. Hakupaza sauti. Spana alicheka, akasema sawa, akampa mkono kama mtu anayeuza ng'ombe. Fundi Dada alikuwa shahidi.

Ndiyo maana lori la kokoto liliporudi, aliingiwa na baridi.

Lori hilo ni la dereva anayeitwa Polepole, na ni mali yake mwenyewe. Injini yake ilifunguliwa yote mwanzoni mwa mwaka, kabla ya mkasa wa ile nati. Wakati huo Fundi Dada alikuwa nyumbani, kifundo cha mkono kikiwa kwenye plasta, kwa hiyo Spana aliiunda peke yake kuanzia chini hadi juu: ringi mpya za pistoni, gasketi mpya ya hedi, ile ya kuziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu, kila kitu. Lori likatoka likivuta vizuri. Sasa Polepole alikuwa amesimama mbele ya banda na dumu la maji mkononi, akieleza kwamba kila safari rejeta inapungua. Haoni tone chini. Haoni mvuke. Maji yanaondoka tu.

"Fundi Dada, hebu niambie ukweli," alisema. "Mimi naendesha lori au naendesha birika?"

Halafu kulikuwa na jambo la pili. Injini yoyote ya dizeli hupitisha gesi kidogo kando ya ringi za pistoni, gesi ikashuka hadi kwenye tumbo la injini, kule iliko oili. Isipopata njia ya kutoka, inasukuma oili nje kupitia kila sili iliyochoka. Kwa hiyo injini hupewa bomba la kupumulia, na ndani yake chujio. Injini yenye afya hupumua hapo kama mtu aliyelala. Ya Polepole ilikuwa inatoa moshi wa oili kama mtu aliyekimbizwa, na ubavu wake wote ulikuwa umelowa.

Kwa fundi yeyote picha ilikuwa rahisi. Maji yanayopotea bila kuonekana huenda yanaingia ndani ya silinda, maana yake gasketi ya hedi imeachia. Pumzi nzito kwenye bomba ni ringi mbovu. Gasketi na ringi, zote zilipita mikononi mwa mtu mmoja.

Spana alikuwa ameketi kwenye benchi akipangusa mikono iliyokuwa safi tayari. Alisikia kila neno.

Fundi Dada alianza na maji. Alifunga pampu ndogo ya mkono mdomoni mwa rejeta injini ikiwa baridi, akasukuma hadi mshale wa kipimo ukapanda unapotakiwa, akauacha. Kama kuna pengo mahali, mshale hushuka. Alikwenda kunywa chai, akarudi. Mshale ulikuwa umeshuka, lakini kwa unene wa unywele. Hiyo ilimsumbua kuliko kama ungeanguka wote. Mpira wa pampu yenyewe ni wa zamani, unaweza kuachia kiasi hicho bila msaada wa mtu.

Akachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa nyeusi na safi, haina maji. Akafungua mfuniko wa kujazia oili, akakuta chini yake utando wa rangi ya chai ya maziwa, dalili ambayo wengi wakiiona hufunga mjadala. Lakini utando huo hutokea pia injini isipopumua vizuri, mvuke wake wenyewe ukaganda juu. Kijiti kikasema hapana, mfuniko ukasema ndiyo, na vyote viwili vimetoka kwenye injini moja.

Akawasha. Moshi wa ekzosi haukuwa mweupe, kama unavyokuwa maji yakiungua ndani ya silinda. Alipochungulia kwenye rejeta, aliona mapovu. Yalipanda mfululizo, madogo, kama maji yanayokaribia kuchemka, na maji yenyewe bado yalikuwa ya uvuguvugu. Gesi inaingia kwenye maji. Aliweka mfuniko wa oili kichwa chini juu ya tundu lake bila kuukaza, kama kaka yake alivyomfundisha kabla hajajua kuna chuo, na mfuniko ukaruka-ruka pale juu kama una wazimu.

Pancha alikuwa amepita kuchomeka mpira wake, akasimama kutazama.

"Hiyo ina pumu," alisema. "Ipeleke ikavute mvuke."

Fundi Dada alizima injini, akatoa chujio la bomba la kupumulia, na hapo akapata matumaini ya kwanza. Chujio lilikuwa limeziba kwa uchafu mzito mithili ya lami. Injini iliyozibwa pua lazima ihangaike. Aliliosha, akalikausha, akalirudisha, na kwa kuwa mchana ulikuwa umeingia watu walikuwa wamekwenda kula. Uani kulikuwa kimya. Alipowasha tena, injini ilihema kidogo hapo mwanzo, kisha mfuniko ukatulia juu ya tundu lake, ukitetemeka tu kama inavyotakiwa. Akachungulia rejeta. Hakuna povu hata moja.

Alisimama hapo muda mrefu, akijua kwamba jambo hilo haliwezekani. Kuosha chujio la pumzi kunaweza kutuliza pumzi. Hakuwezi kuzuia gesi isiingie kwenye maji. Hata hivyo maji yalikuwa yametulia, akayaangalia kama mtu anayeangalia nyumba ya jirani ambayo usiku mmoja ina taa, usiku mwingine haina. Alimwambia kaka yake kwamba huenda ni chujio tu. Spana alisema ni vizuri. Sauti yake haikuonyesha kama anaamini.

Asubuhi iliyofuata mapovu yalirudi, na mfuniko ukaanza tena kucheza.

Siku hiyo yote ilipita hivyo. Alipopima mapema, injini ilikuwa mgonjwa mahututi. Alipopima adhuhuri, ilikuwa nzima. Alidhani ni joto: pengine gasketi inaachia injini ikiwa baridi, chuma kikipanuka inabana. Akaiacha ipoe, akawasha baridi, na safari hii mapovu yalikuja kwa muda mfupi tu kisha yakakata. Akaipasha hadi ikawa moto kabisa, na baada ya kitambo, bila yeye kugusa kitu, mapovu yakaanza upya. Joto halikuwa na hatia. Alidhani ni mwendo wa injini, akaongeza mafuta, akapunguza, akapata majibu mawili kwa swali moja. Kila nadharia aliyoijenga ilisimama hadi alipoipa mgongo.

Tatizo lake kubwa zaidi halikuwa kwenye lori. Alijua anachotaka kukiona. Alitaka gasketi iwe nzima, na aliogopa kwamba kila yanapotulia mapovu ni yeye anayeyatuliza kwa macho yake. Kisha akaogopa kinyume chake, kwamba kwa kujihadhari asimpendelee kaka yake, anamhukumu. Mtu aliyesoma kipimo kwa miaka yote hiyo alijikuta anamwomba Polepole aje aangalie rejeta na aseme anachoona.

"Naona maji," Polepole alisema.

"Yanafanya nini?"

"Yanafanya umaji."

Mchana wa siku hiyo alikwenda kula kwa kaka yake, kama kawaida yao. Chumba cha mbele cha nyumba hiyo ndicho pia chumba cha kushonea. Kuna cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, na nguo za wateja zimening'inia kwenye kamba kutoka pembe hadi pembe, kwa hiyo mtu huongea na mwenzake kati ya mikono ya mashati. Wifi yake alipakua, akamwekea, akasubiri Spana aende kunawa.

"Wifi, umeona nini?"

"Sijui bado."

"Wewe hujui?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli, bila kejeli. "Basi ni kubwa."

Fundi Dada alimweleza kwamba si kubwa wala si dogo, ni kwamba halikai mahali pamoja. Wifi alisikiliza, mkono mmoja ukiwa juu ya gurudumu la cherehani. Kisha alisema kwamba yeye hataki mume wake afukuzwe kazi na mtu. Anataka tu asije kuua mtu barabarani kwa breki asiyoiona. Kwa hiyo akaomba aambiwe jibu la kweli, lolote litakalokuwa. Spana aliporudi mezani waliongea juu ya chumvi.

Siku ya tatu Fundi Dada aliamua. Mapovu yalikuwa yamewaka tangu asubuhi, mazito kuliko siku zote, na mfuniko uliruka hadi ukaanguka sakafuni. Alizima injini. Chuoni walifundishwa kwamba dalili zikigongana, fundi hufuata zile zinazoweza kuua injini. Polepole hawezi kurudishwa barabarani na gasketi inayoshukiwa. Alikwenda kwenye benchi, akaketi karibu na kaka yake, akamwambia kwamba itabidi hedi ifunguliwe.

Spana aliitikia kwa kichwa mara moja, haraka kuliko alivyotegemea. Akanyoosha mkono nyuma yake, akachukua kutoka ukutani ile spana ndefu ya kipimo, inayotoa mlio bolti ikifika nguvu iliyopangwa. Nguvu hiyo hupangwa kwa kuzungusha mpini hadi namba inayotakiwa, na namba zenyewe zimechongwa kwenye chuma kwa maandishi madogo.

"Chukua," alisema. "Nilijua itakuja."

"Ulijuaje?"

"Sikuziona namba."

Alieleza bila haraka. Siku alipofunga hedi ile, mkono wa dada yake ukiwa kwenye plasta, alizungusha mpini kuanzia chini kabisa na kuhesabu mizunguko kichwani, kwa kuwa anakumbuka mizunguko mingapi hufika wapi. Mpangilio wa bolti, ipi kwanza na ipi baadaye, aliufuata kwa kupapasa. Zile nyuzi za pembe za mwisho, ambazo bolti inatakiwa kuzungushwa baada ya mlio, alizipima kwa kuangalia mpini umesimama wapi mbele ya kifua chake. Hakumwambia mtu. Lori lilivuta vizuri, akadhani limepita.

Kwa mara ya kwanza tangu lori lirudi Fundi Dada alikuwa na sababu iliyonyooka, na hakuitaka. Alichukua spana ile, akaiweka kwenye umbo lake jeupe ukutani, akaenda kumwambia Polepole kwamba injini itafunguliwa. Polepole alikaa juu ya dumu lake. Aliuliza kama kweli haiwezekani kuendelea na birika.

Kabla hedi haijafunguliwa, juu ya injini lazima pasafishwe, changarawe isije ikaanguka ndani ya silinda. Fundi Dada alimwomba Pancha mpira wa upepo apulizie vumbi. Tangi la lori lilikuwa bado lina upepo. Pancha alikuja nao, lakini hakuukabidhi. Alikuwa na malalamiko yake.

"Fundi Dada, lori lenu linanitemea mate."

"Mate gani?"

"Njoo uone mwenyewe. Nimejaza tairi la mtu, ukilitikisa linalia kama dafu."

Aliminya kifyatuo kuelekea sakafuni. Upepo ulitoka kwa kelele, na pamoja nao matone yakatawanyika juu ya zege jeusi. Kila tangi la upepo hukusanya maji kidogo, kwa sababu hewa ina unyevu, na lori hili la zamani halina kikaushio; ndiyo maana madereva hufungua tundu la chini ya tangi asubuhi kuyamwaga, na ndiyo maana hakuna anayeyatazama. Fundi Dada aliinama akayagusa. Yalikuwa yanateleza vidoleni. Aliyapeleka mwangani mlangoni mwa banda. Yalikuwa ya kijani.

Maji ya hewa hayana rangi. Kijani ni dawa inayochanganywa na maji ya rejeta.

Alimuuliza Pancha ameyaona tangu lini. Tangu lori lije, Pancha alisema, lakini si kila lori lina maji? Alimuuliza ni saa ngapi huwa anajaza matairi. Pancha alimtazama kama anayeulizwa jua linatokea wapi. Asubuhi, alisema, wenye magari wanapotoka. Mchana anapumzika. Jioni mmoja mmoja.

Hapo Fundi Dada aliwasha injini tena, mwenyewe, bila kueleza. Alimwambia Pancha afungue mpira wake uachie upepo ovyo, usijaze kitu. Mapovu yakaja. Akamwambia aufunge. Wakasubiri tangi lijae, hadi ile vali inayoipumzisha kompresa ya breki, mashine inayolijaza tangi, ikatoa mlio wake mfupi wa kupuliza. Mapovu yakapungua, yakakata. Mfuniko wa oili ukatulia. Akamwambia afungue tena. Yakarudi. Alirudia hivyo kwa muda hadi Polepole akainuka kwenye dumu lake na kuja kusimama nyuma yake, na safari hii hakufanya mzaha.

Kompresa ya upepo wa breki ni injini ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini kubwa. Ina silinda yake, ringi zake na hedi yake, inapozwa kwa maji yale yale ya rejeta na kulainishwa kwa oili ile ile. Gasketi yake ikiungua, upepo inaousukuma unaingia kwenye maji, na injini ikizimwa maji yanaingia kwenye njia ya upepo. Ringi zake zikichoka, upepo unashuka kwenye tumbo la injini kubwa na kutokea kwenye bomba la kupumulia, na fundi anaona pumzi nzito na kulaumu pistoni. Lakini inafanya hivyo inapojaza tu. Tangi likijaa, inapumzika, na ugonjwa wote unapotea. Kwa siku hizo zote Fundi Dada alikuwa akimpima mgonjwa huku mtu mwingine, upande wa pili wa ukuta, akimwamsha na kumlaza.

Alikwenda kumwita kaka yake. Alimshika mkono, akauweka kwenye mdomo wa bomba la kupumulia, akampa Pancha ishara. Spana alisimama na mkono wake pale, uso ameugeuzia pembeni. Pumzi ikapanda, ikashuka, ikapanda.

"Inapumua kwa zamu," alisema. Kisha akautoa mkono: "Si hedi."

"Si hedi, kaka."

Waliithibitisha kabla ya chakula cha mchana. Fundi Dada aliziba mabomba mawili ya maji yanayokwenda kwenye kompresa, akalegeza bomba lake la upepo, akawasha. Rejeta ilikaa kimya kama maji ya mtungi. Akaifungua kompresa mezani. Gasketi yake ilikuwa imeungua kati ya tundu la maji na silinda, na ukuta wa silinda ulikuwa na mikwaruzo inayoshika ukucha. Gasketi ya hedi kubwa, ile iliyofungwa kwa kuhesabu mizunguko kichwani, ilikuwa inashika vizuri.

Mtu angetegemea furaha. Pancha alifurahi, akaanza kuwaeleza wapita njia kwamba yeye ndiye aliyegundua. Polepole alifurahi. Ndugu wawili walikaa kwenye benchi na hawakujua wafanye nini na habari hiyo. Lori limerudi, na halikurudi kwa kosa la Spana. Makubaliano ya mezani yalikuwa hayajavunjwa. Lakini kama lisingerudi, dada asingejua kwamba kaka yake alifunga hedi nzima bila kuona namba. Lililomsafisha ndilo lililomfichua. Halafu palikuwa na swali jingine ambalo halikuwa na wa kulijibu: mwanzoni mwa mwaka kompresa ile haikubadilishwa kwa sababu ilikuwa inafanya kazi, na Polepole mwenyewe alisema iachwe. Mtu mwenye macho mazuri angeona nini juu yake siku ile? Pengine ufa wa rangi ya kutu pembeni mwa gasketi. Pengine hakuna kitu. Fundi Dada aliigeuza kompresa mikononi mara nyingi akitafuta jibu la swali hilo, na kompresa haikuwa nalo.

Spana ndiye aliyeanza.

"Basi sikukosea."

"Hukukosea."

"Makubaliano ni makubaliano."

"Kaka, ulifunga hedi gizani."

"Na imeshika." Alisema hivyo kwa fahari kidogo, kisha fahari ikamwishia, akatazama pale ukutani ilipo ile spana ndefu, au mahali anapojua ipo. "Wewe ungeweza?"

Fundi Dada alifikiri, kwa sababu swali lilikuwa la kweli. Akasema hapana, asingeweza. Akasema pia kwamba asingejaribu. Spana aliguna. Kutoka upande wa pili wa ukuta walimsikia Pancha akimweleza mtu jinsi lori lilivyokuwa likitema mate.

Mchana walikwenda kula wote wawili. Njiani Fundi Dada hakuwa ameamua atasema nini. Wifi yake alimtaka jibu la kweli, na jibu la kweli lilikuwa na pande mbili ambazo kila moja ingeweza kusimama peke yake ikaitwa ukweli. Aliingia chini ya nguo zilizoning'inia, akaketi. Wifi alimtazama yeye, si mume wake.

"Ni kompresa ya breki," Fundi Dada alisema. "Si kazi yake."

Wifi alishusha pumzi. Alikuwa ameanza kupakua wakati Spana, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, aliposema kwamba maelezo hayo hayajaisha. Alimweleza mkewe yote, namba, mizunguko, kupapasa, kama alivyomweleza dada yake, kwa sauti ile ile, ila safari hii alisimulia huku ameshika mkono wa shati la mteja na kuukunja na kuukunjua. Alipomaliza, mkewe alibaki na mwiko hewani.

"Kwa hiyo nikupongeze au nikufukuze?" aliuliza.

"Mimi mwenyewe nimechanganyikiwa," Spana alisema.

Hapo walicheka, wifi akianza, na kicheko kilikwisha mapema kuliko walivyotaka. Walikula. Hakuna aliyetaja makubaliano, wala aliyesema yameisha. Wifi aliuliza tu kliniki ya macho inafungua siku gani, na Spana, ambaye kwa miaka alidai hajui, alitaja siku na saa.

Jumatatu asubuhi mkewe atampeleka. Siku hiyo hiyo Fundi Dada atafunga kompresa nyingine kwenye lori la Polepole, na atazikagua bolti za hedi kubwa kwa macho bila kuzigusa, kwa sababu zilizoshika haziguswi. Lori halitawashwa hadi Spana arudi. Ameomba awepo alisikilize.